Motokari Inayorudi Tupu

"Mama Hénoc, ule muke wa mutoto yako anauzishaka nini?"

Jirani yangu Kyakimwa aliniuliza hivyo siku moja, akiwa upande wake wa ukuta unaotenganisha viwanja vyetu hapa Bel-Air, Lubumbashi. Mimi nilikuwa naanika nguo. Nikamjibu kwamba Deborah anapeleka wageni porini, wanaona wanyama na miti, kisha wanarudi.

"Ile nilisikia. Nauliza anauzisha nini. Motokari inatoka tupu, inarudia tupu. Hata mufuko moja ya mihogo. Mi sijaona biashara ya vile."

Sikumkasirikia. Kyakimwa ni mtu wa Butembo, na watu wa kwao biashara ya jumla wanaanza nayo mgongoni mwa mama. Malori yake yanapeleka sabuni na unga Pweto, yanarudi na samaki wakavu. Lori likirudi bila mzigo, anaumwa kichwa. Mimi nimezaliwa huko huko Pweto, lakini baba yangu alikuwa mtu wa reli, na marehemu mume wangu pia, kwa hiyo biashara siijui. Shule niliishia ya msingi. Macho ninayo, nashukuru Mungu, na tangu mwanangu Hénoc alipomleta Deborah nyumbani nimemtazama bila kusema sana. Hénoc anafanya kazi kwenye mgodi wa Kinsevere, anarudi siku za mapumziko tu. Anayekaa na Deborah ni mimi.

Nilichokiona ni hiki. Wanaume wa kijiji cha Kalumbwe, mbali huko upande wa Kasenga, walikuwa wachoma makala, ndiyo makaa ya kupikia. Msitu ulikuwa unaisha, wanyama walikuwa wamehama. Deborah alikwenda kukaa nao masika nzima, anakula bugali yao, anasikiliza matusi yao. Alipotoka walikuwa wamekubaliana: ng'ambo ya mto mti haukatwi, mtego hauwekwi, na yeye ataleta wageni wachache wachache, nusu ya malipo inabaki kijijini. Miaka ilipita, kisima kikachimbwa, mwuguzi akapatikana. Wanyama nao wakaanza kurudi. Sikuwahi kumsikia akijisifu. Alikuwa anarudi na vumbi kwenye nyusi, anakula, anaosha sahani yake.

Halafu mwaka huu, kiangazi kikianza, moteur ya gari lake ikafa. Fundi aliifungua, akaifunga tena, akatikisa kichwa. Wageni walikuwa wameshaandikishwa. Kalumbwe walikuwa wanangoja, na tulisikia kwamba vijana kadhaa wameanza kusafisha mashimo yao ya zamani ya kuchomea. Bila gari, kazi yote ya Deborah ingekwisha kabla ya mvua, na msitu pamoja nayo.

Kyakimwa alikuwa na Land Cruiser imekaa tu uani. Deborah alivaa kitenge kizuri akaenda kumwomba wafanye kazi pamoja.

"Kwanza nione hii biashara ya kutazama," Kyakimwa akamjibu. "Siweki motokari yangu mahali sijaona."

Ndivyo tulivyoondoka sote. Gradi, kifungua mimba wa Kyakimwa, aliendesha. Mama yake alikaa mbele. Nyuma tulikuwa Deborah, daktari mmoja wa Kinshasa na mke wake, ambao ndio walikuwa wageni, na mimi na masufuria yangu, maana mpishi wa safari hizi ni mimi. Juu ya paa kulikuwa na porte-bagages ya chuma ya kubebea mizigo, pana kama kitanda, nayo haikuwa na kitu.

"Unaona?" Kyakimwa alimwambia Gradi, akionyesha juu kwa kidole. "Iko inalia."

Kalumbwe tulipokewa na Rigobert, aliyekuwa fundi mkubwa wa kuchoma makala na sasa anasoma nyayo. Gari liliachwa kijijini. Tulivuka mto kwa miguu, tukafuatana mmoja nyuma ya mwingine. Rigobert alikuwa na kitambaa kidogo chenye majivu. Kila mara anakitikisa, anatazama majivu yanaelekea wapi, kisha anatugeuza. Kyakimwa, ambaye kwenye depo yake sauti inasikika mpaka barabarani, alitembea kimya. Nilijua ni viatu vinambana, lakini alikuwa kimya.

Nyuma ya kichuguu kikubwa, kile cha kwetu Katanga kinachozidi nyumba, Deborah alitukalisha chini. Mbele yetu miti ilikuwa na majani mekundu ya kiangazi, na kati ya miti wakatokea nsefu, wale swala wakubwa kama ng'ombe, wenye ngozi inayoning'inia shingoni. Walitembea polepole, magoti yao yanalia, ta, ta, ta. Jike mmoja alikuwa na mtoto. Mtoto alisimama, akatutazama, akanyonya. Nilishika rozari mfukoni bila kuanza sala yoyote. Mungu alipoona kazi yake kuwa njema, nadhani alikuwa amekaa hivyo hivyo, chini, bila kelele.

Daktari alikuwa bado anatafuta miwani ili apige picha wakati majivu ya Rigobert yalipogeukia upande wa wanyama. Deborah akainua mkono. Tunarudi.

"Tumekuya mbali hivi, sasa tunakimbia?" Kyakimwa alinong'ona.

"Upepo imegeuka, mama. Bakisikia harufu yetu batakimbia, na mutoto hajakomaa miguu."

"Na picha ya docta?"

"Docta atabakia na ile ameona."

Daktari alicheka kwa pumzi, akaweka simu mfukoni. Tulirudi kwa kuinama. Tulipofika mtoni Kyakimwa alikaa juu ya jiwe, akavua viatu, akatia miguu majini.

"Ule mama yao alinitazama," akasema. "Alinitazama vile mi natazamaka mutu anaingia depo bila kugonga."

"Na ulifanya nini?" nikamuuliza.

"Nifanye nini? Niko kwake."

Nilimwona Deborah anageuza uso ili asionekane anatabasamu. Nikafikiri moyoni kwamba gari tumelipata.

Lakini tulikuwa hatujafika barabarani bado. Njia yote ya kurudi Lubumbashi, mnaijua, magunia ya makala yamepangwa kando, yamefungwa majani juu kama kofia. Gari gani linapita pale bila kupakia? Padri anapakia, polisi anapakia, na maiti ikisafirishwa mjini, familia inapakia pembeni ya sanduku. Hata mimi niliyatazama yale magunia, kwa sababu gunia la nyumbani lilikuwa linakaribia kwisha. Kyakimwa alikuwa amelala. Aliamka kama mtu aliyeitwa kwa jina.

"Gradi, simama. Weka juu yenye kutosha."

Gradi alisimama. Muuzaji akaja mbio. Alikuwa Bwalya, mdogo wake Rigobert, ambaye alikataa mapatano ya kijiji akahamia barabarani kuuza.

"Mama," Deborah alisema kutoka nyuma, "tusipakie."

"Motokari iko ya nani?"

"Yako, mama."

"Mafuta?"

"Yako pia."

"Bon. Mi natoka Butembo, motokari yangu hairudiake tupu. Hata Mungu anajua."

Deborah alifungua mlango akashuka. Akamsalimia Bwalya vizuri, akamuulizia watoto. Kisha akaja dirishani kwa Kyakimwa, mikono imefumbatwa mbele kama anavyosimama kanisani.

"Mama, sikukatazi. Lakini bale bantu balifunga mashimo yao juu ya neno langu. Nilibaambia muti ukisimama, bageni batakuya. Leo motokari ya bageni ikitoka huku na makala juu, Bwalya atapiga simu mbele ya kufika Lubumbashi. Si ndiyo, Bwalya?"

"Saa hii hii," Bwalya akajibu, akicheka. "Nitamuambia Rigobert: angalia bakubwa zako."

"Unasikia, mama. Kama unapakia, nitabakia. Nitarudia kule kwa miguu, basikie kwangu kuliko basikie kwa simu."

"Giza itakukuta njiani."

"Itanikuta."

Akachukua mfuko wake garini. Mke wa daktari alishika mkono wa mumewe. Yule ni mke wa mwanangu, na anayekaa mbele ni jirani ambaye tungemwomba chumvi kesho. Mwisho nilichukua sufuria yangu kubwa, nikaiweka magotini, tayari kushuka naye. Kyakimwa aliniona kwenye kioo.

Lori lilipita, limepakia makala mpaka limeinama.

"Pandeni," Kyakimwa akasema.

Porte-bagages ikarudi mjini tupu, ikigonga kwenye kila shimo. Nyumbani Kyakimwa alishuka, akaingia kwake, akafunga geti mwenyewe.

"Nimekosa motokari," Deborah aliniambia jioni ile. Hakulia. Alikuwa anachambua mchele, na mkono wake ulikuwa unakwenda sawasawa tu. "Juma hii nitaenda kubaambia Kalumbwe. Nitapanda bus."

"Ungekubali mara moja tu," nikamjaribu, nione.

"Mama, mara moja ndiyo inatosha kubafundisha kama nilibadanganya."

Niliinuka nikaenda kumsalia rozari nzima.

Baada ya siku chache Kyakimwa akaja, kitenge kipya, miguu bado na plasta kwenye kisigino. Tulikuwa jikoni. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, na maji ya chai yalikuwa kwenye mbabula, jiko letu dogo la bati. Alikaa, akaitazama mbabula na makaa yake mekundu.

"Na hii? Iko nini?"

Niliona aibu. Deborah hakuona.

"Iko makala, mama. Siwezi kuambia Lubumbashi ilale njaa. Naambia tu motokari yenye kupeleka bantu kutazama miti, ile hapana."

"Kumbe." Kyakimwa alichukua kikombe, akapuliza. "Na nikikupatia yangu, kila siku itarudia vile? Tupu?"

"Itarudia na bageni."

"Na juu?"

"Juu, tupu. Kila siku."

"Hata sabuni yangu, kuipeleka tu?"

"Sabuni ya kuenda, ndiyo. Kalumbwe banaihitaji. Ya kurudi, hapana kitu."

Kyakimwa alikunywa chai yake yote. Kutoka uani kwake tulisikia chuma kinagongwa, kisha kinakwaruza. Nikasogea dirishani. Gradi alikuwa amepanda juu ya Land Cruiser, jasho linamtoka, anafungua porte-bagages. Boliti zilikuwa na kutu, alikuwa anazipiga nyundo.

"Mama, Gradi anafanya nini pale?" Deborah akauliza.

"Ile chuma inaenda kwa camion yangu ya Pweto. Ikibakia juu, siku moja mi mwenyewe nitapita pale barabarani, nitaiona tupu, na roho yangu itashindwa." Aliweka kikombe chini. "Mi najijua."

Akatoa ufunguo kwenye pindo la kitenge, akauweka karibu na kopo la sukari. Deborah alifungua mdomo kushukuru. Kyakimwa alikuwa ameshainuka, akatoka nje.