Kuitikia kwa Kichwa

Jumatatu asubuhi Karin Tollefsrud alikuta jina lake limeota kando ya barabara. Mabango ishirini na matatu, kila moja na nguzo yake, kuanzia ghala la mkulima Orville Stenerson hadi darajani: TOLLEFSRUD AWE JAJI. Mgombea mwingine angemshukuru Mungu. Karin alisimamisha gari, kwa sababu hakuwahi kumwomba Orville hata bango moja.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa wakili wa wosia na talaka katika mji wetu, na sasa aliutaka ujaji kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Aliutaka hata akajionea haya. Zilibaki siku kumi na tano kabla ya kura. Huku kwetu jaji huchaguliwa na wananchi, ila hagombei kwa chama, wala haruhusiwi kuahidi atakavyoamua. Kazi ya mgombea ni kula chapati za maji katika hafla za ukumbi wa zimamoto na kuwasikiliza watu.

Ndipo alipokosea. Jumamosi iliyopita, katikati ya chapati na shira, Orville alimwinamia akamweleza kisa cha mtaro wake, ule unaomwaga maji ya shamba lake katika soya ya mjane Bernice Lindgren. Kesi ilikuwa mahakamani ikimngoja jaji mpya. "Maji hufuata mteremko, au siyo? Mteremko sikuuumba mimi." Karin akaitikia kwa kichwa, tena na tena, kama sote tunavyofanya tunaposimuliwa jambo. Kwetu kumsikiliza mtu huku shingo imekakamaa ni kumtukana.

Jumatatu ile ile alimkuta Orville ghalani akitia grisi mashine ya kuvunia mahindi.

"Mzee Orville, yale mabango."

"Umeyapenda? Mke wangu anasema nimezidisha. Nikamwambia, huyo ndiye jaji wetu."

"Sikukuahidi kitu kuhusu mtaro. Nilikuwa nakusikiliza tu."

Mzee akafuta mikono, akamkonyeza. "Najua, binti. Hamruhusiwi kusema. Na mimi sijasikia kitu."

"Nasema kweli. Sijui nitaamua nini."

"Hivyo hivyo. Shikilia maneno hayo hayo mpaka siku ya kura. Wenzangu wa ushirika wa wakulima nao nimewaambia wafunge midomo."

Masikioni mwa mzee, kadiri alivyokana ndivyo alivyozidi kuahidi. Siku ile alipita barabara ile mara tatu bila safari ya maana. Angeweza kujitoa katika kesi hiyo baadaye, alijiambia. Lakini ushirika mzima ungekuwa umekwisha kumchagua kwa neno ambalo hakulisema. Alasiri akarudi na glavu za bustani, akaanza kuyang'oa mabango. Kama ni wizi, basi aliiba jina lake mwenyewe.

Alikuwa amefika bango la nne pikapu ya Bernice iliposimama ubavuni mwake.

"Wakili, unang'oa la nani hilo?"

"Langu."

Bernice alitazama mabango yaliyolala nyasini, kisha soya yake iliyooza ndani ya maji. Uso ukamlainika. "Asubuhi nilipoyaona haya, nusura niling'oe na lile lako nililoliweka mwenyewe langoni kwangu. Dada yangu akasema umenunuliwa. Nikamwambia, siyo Karin." Akautoa mkono dirishani. "Kwa hiyo tuko pamoja."

Karin alitamani sana kuushika. Mama yule alikuwa na miaka sabini na mbili, na hakuna aliyekuwa amemsikiliza mwaka mzima.

"Hapana, Mama Bernice. Hata na wewe siko."

Mkono ukabaki hewani kidogo, kisha ukarudi kwenye usukani. "Basi uko na nani?"

Karin alililaza bango la nne nyasini kando ya mengine. Kioo kilipanda, pikapu ikaondoka polepole hadi langoni kwa Bernice, ikasimama. Kutoka pale barabarani Karin alimwona akishuka, akilishika bango kwa mikono miwili, akilivuta mpaka likatoka.

Karin akaigeukia nguzo ya tano, akaivuta.