Kivuli cha Mshereheshaji

"Sogea kushoto kidogo, Kivuli. Hapo hapo. Haya, tupe utani wa kwanza."

Sauti ya mwongozaji ilitoka kwenye spika iliyofichwa pembeni mwa jukwaa. Mwanamke akasogea mpaka ncha za viatu vyake zikagusa utepe wa njano uliobandikwa sakafuni, akainua kipaza sauti, akautazama ukumbi. Viti vyote vilikuwa vitupu, isipokuwa vya mbele, ambako walikaa watu wa karatasi: picha za nyuso za waigizaji maarufu, kila moja imebandikwa kwenye kiti chake ili wapiga picha wajue nani atakaa wapi jioni.

"Karibuni kwenye tuzo za filamu," alisoma maneno yaliyokuwa yakipanda kwenye kioo mbele yake. "Mwaka huu majaji wametazama kila filamu mpaka mwisho. Hiyo peke yake inastahili tuzo."

Akanyamaza, akitabasamu. Kunyamaza huko ndiko kulikokuwa kazi yenyewe. Alitakiwa kusubiri kwa muda ule ambao watu wangecheka, aelekeze uso kwenye kamera ya kulia, kisha aendelee. Mafundi walikuwa na jina la muda huo: kicheko cha hewa.

Leo kicheko cha hewa kilikuwa kirefu kuliko kawaida. Miaka yote iliyopita kulikuwa na mtu mmoja aliyecheka kweli, juu kabisa kwenye vyuma vya taa, kicheko cha kukwaruza kama mlango wenye bawaba kavu, na mafundi wote wangemfuata kwa kumcheka yeye. Mtu huyo alikuwa mume wake.

Kivuli mwenyewe kazi hii aliipata kwa sababu ya kimo. Yeye na mshereheshaji, mchekeshaji ambaye sura yake ilikuwa kwenye mabango ya sabuni na ya simu, walilingana kama waliopimwa kwa rula moja, hata rangi zao zilikaribiana. Basi kila mwaka, kabla mwenyewe hajafika, Kivuli alisimama alipopaswa kusimama yeye, akatembea alipopaswa kutembea, akasema utani wake wote kwa viti vitupu, ili taa na kamera zipate pa kulenga. Milango ya wageni ilipofunguliwa, kazi yake ilikwisha, akarudi nyumbani kutazama kwenye televisheni mtu mwingine akivuna makofi kwenye utepe ule ule.

Mumewe, fundi wa taa, walimwita Popo, kwa kuwa maisha yake yote ya kazi aliyamaliza akining'inia gizani. Mwaka jana, asubuhi ya sherehe, kifungo cha mkanda wake wa usalama kilifyatuka, akaanguka. Walimtoa kwa mlango wa nyuma, wakapiga deki, wakabadilisha zulia. Jioni sherehe ikaendelea kama ilivyopangwa.

Siku ya mazishi alikuja mtayarishaji wa kipindi, mama wa makamo anayevaa raba hata na suti. Alimshika mkono mama mzazi wa Popo mbele ya watu wote akamwambia, "Mama, mwakani picha yake itapita kwenye sehemu ya kuwakumbuka marehemu. Nchi nzima itamwona." Neno hilo bibi kizee alilishika kama mtu anavyoshika ukuta kwenye ngazi. Yeye na mkwewe walibaki wawili tu nyumbani, na kwa muda wote huo hakuna jirani, muuza mkaa wala mpita njia aliyeagana naye bila kuambiwa kwamba mwanawe atatoka kwenye televisheni.

"Safi," ikasema spika. "Sasa twende moja kwa moja kwenye marehemu. Kivuli, soma utangulizi, halafu geuka utazame skrini."

Akasoma: "Wapo walioondoka tangu tulipokutana hapa mara ya mwisho. Tuwakumbuke kwa kimya." Kinanda kikaanza. Akageuka.

Alipita muigizaji mzee aliyezoea kucheza wafalme. Akapita mwimbaji wa nyimbo za filamu. Akapita mwandishi, akapita mwanamitindo, akapita mwenye majumba ya sinema. Kila sura ilitabasamu, ikafifia, ikapisha nyingine. Kisha skrini ikawa nyeusi, na maneno kwenye kioo yakapanda: *Naam, najua wangependa tucheke.*

Hakuyasoma.

"Kivuli? Kuna shida na kioo?"

"Kioo hakina shida." Sauti yake kwenye kipaza ilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia. "Kuna mtu hajapita."

Kule juu mafundi waliacha kufanya walichokuwa wakifanya. Mtayarishaji akainuka kutoka safu ya kati, akapanda jukwaani taratibu, raba zake hazikutoa hata mlio. Alikifunika kipaza sauti kwa kiganja kabla ya kusema.

"Nilitaka nikwambie mwenyewe, nikawa nakukwepa. Nisamehe, dada yangu."

"Uliahidi mbele ya kaburi."

"Niliahidi. Nimelipigania hili mpaka nikaonekana mkorofi. Wenye televisheni wanasema sehemu ile ni ya wasanii, watu ambao mtazamaji atawatambua. Wanasema pia," akashusha sauti zaidi, "kwamba tukimwonyesha, watu watauliza alikufaje."

"Na wakiuliza?"

Mtayarishaji alitazama picha za karatasi mbele yao, kana kwamba mmoja wao angemsaidia. Mwishowe akasema, "Njoo ukae ukumbini jioni. Nitakutafutia gauni na kiti kizuri."

"Mama yuko nyumbani ananisubiri tutazame wote," alisema Kivuli. Akauondoa mkono wa mtayarishaji kwenye kipaza sauti, bila hasira, kama unavyoondoa jani begani mwa mtu. "Naam, najua wangependa tucheke," akasoma, na akaendelea mpaka maneno ya kioo yakaisha.

Mshereheshaji alifika mchana, miwani nyeusi usoni na vibanio vya nywele kichwani. Alimkuta Kivuli kwenye chumba cha vipodozi, ambako kila mwaka walikutana kidogo ili amweleze sakafu inateleza wapi na kamera ipi inachelewa kugeuka.

"Pacha wangu! Haya niambie, utani upi umefanya kazi?"

"Hakuna."

"Hata ule wa majaji?"

"Hakuna aliyecheka, dada. Aliyekuwa anacheka hayupo."

Mshereheshaji akavua miwani. Msichana wa vipodozi akashusha brashi. "Yule wa juu? Wa kicheko cha mlango mbovu?" Alianza kutabasamu, halafu tabasamu likamfia mdomoni. "Ndiye aliyeanguka?"

"Ndiye mume wangu."

"Miaka yote hii hukuniambia."

"Hukuniuliza, na mimi sikuona sababu. Ulikuja ukiwa na mambo mengi."

Tangu aanze kazi hii hajawahi kumwomba mtu chochote hapa ndani, hata maji ya kunywa alikuja nayo kwenye chupa yake. Sasa akapiga moyo konde. "Nina ombi. Picha yake wameikataa. Lakini wewe una kipaza sauti, na hakuna anayeweza kukuzima katikati ya maneno. Mtaje tu. Popo. Neno moja. Mama yake atakuwa anasikiliza."

Mshereheshaji alijitazama kwenye kioo kilichozungukwa na balbu, na kwa kuwa walikuwa wamekaa bega kwa bega, akajikuta anawatazama wote wawili. "Ulishaona mkataba wangu ulivyo mnene?" akasema kwa utani, na utani huo nao haukumchekesha mtu. Akaushika mkono wa Kivuli, akaubana. "Nikipata upenyo. Sikuahidi, umesikia? Nikipata upenyo."

"Nimesikia."

Nyumbani, bibi kizee alikuwa amekwisha oga na kuvaa gauni lake la bluu. Mtoto wa jicho alikuwa amemla macho yote mawili. Alibakiwa na mwanga na vivuli, kwa hiyo alikaa karibu sana na televisheni, uso mbele kama anayeota moto. Jirani yao, fundi cherehani wa mlango wa pili, alikuwa amekuja na kigoda chake, futi ya kupimia bado iko shingoni.

"Umechoka, mwanangu?" bibi aliuliza. "Wamekuonyesha picha yake? Wameiweka kubwa?"

"Wacha tutazame, mama."

"Sawa, sawa. Nisiharakishe mambo."

Sherehe ikaanza. Utani wa majaji ukalipuka, watu wakajipiga mapaja, na fundi cherehani naye akacheka mpaka akajifuta machozi. Kivuli alijua kila utepe ulipo. Alijua mshereheshaji atageukia wapi kabla hajageuka. Wakapewa tuzo wa kwanza, wakalia. Wakapewa wengine, wakashukuru mama zao. Hatimaye taa zikapungua, kinanda kikaanza, na bibi akamshika mkwewe mkono kwa nguvu iliyomshangaza.

Mfalme akapita. Mwimbaji akapita. Mwandishi, mwanamitindo, mwenye majumba. Skrini ikawa nyeusi.

Kamera ikarudi kwa mshereheshaji. Alipaswa kuitazama kamera ya kulia. Hakuitazama. Aliinua uso juu, kwenye vyuma vya taa, akabaki hivyo, shingo wazi, mdomo umefunguka kidogo kama mtu anayetaka kumwita aliye ghorofani. Kivuli alijikuta ameinuka nusu kwenye kiti. Mtu mmoja ukumbini akakohoa. Kisha mshereheshaji akafumba mdomo, akageukia kamera ya kulia.

"Naam," akasema, "najua wangependa tucheke."

Wakacheka. Likaingia tangazo.

Kivuli akakaa chini taratibu. Wimbo wa sabuni ulijaa chumbani.

"Ameshapita?" bibi akauliza. "Nimeona mianga tu, mmoja baada ya mwingine. Yupi alikuwa yeye?"

Kivuli alitazama mikono yao, wake na wa mama mkwe, ilivyosokotana juu ya gauni la bluu. Alijua fundi cherehani anamtazama. Alijua pia kwamba kesho mtaani kuna midomo mingi, na si yote ingekuwa na huruma.

"Wa mwisho, mama. Alipita mwisho."

"Kweli?"

"Kweli kabisa, mama yangu," alisema fundi cherehani haraka, huku akiitoa futi shingoni na kuitia mfukoni bila kuitazama. "Nimemwona kwa macho yangu. Alipendeza."

Bibi akashusha pumzi ndefu, mabega yakamlegea. "Wamempa picha ipi? Alikuwa amevaa nini?"

"Shati jeupe," Kivuli akasema. "Lile jeupe lenye mifuko miwili. Mikono ameikunja mpaka kwenye kiwiko. Amenyoa siku hiyo hiyo, kidevu kinang'aa."

"Anacheka?"

"Anataka kucheka. Kama mtu aliyeambiwa atulie apigwe picha, naye hawezi."

"Ndiye yeye," alisema bibi. "Ndiye yeye kabisa. Endelea."

Kivuli akaendelea. Akamweleza masikio, akamweleza kovu dogo juu ya nyusi, akamweleza jinsi alivyoinamisha kichwa upande. Sherehe ilikuwa imerudi hewani, lakini fundi cherehani alikuwa ameipunguza sauti mpaka ikaisha, na watu wenye mavazi ya kumetameta walikuwa wakifungua midomo bila neno. Bibi akasogeza kiti mbele zaidi, akanyoosha mkono, akautuliza mzima mzima juu ya kioo cha televisheni, rangi zikimpita katikati ya vidole, na hakuuondoa.