Mayai ya Somo

Hamisa alinuna tangu siku ile chatu alipotolewa ghalani, na mtu asidhani ni kule kununa kwa kuvuta midomo asubuhi, jioni mtu akacheka. Alinuna kama walivyonuna wanawake wa kwao. Hakumsalimu mdogo wake Mwinjuma wala hakuitikia hodi yake, na Mwinjuma akiomba chumvi, aliletewa na mkewe Chausiku.

Haki alikuwa nayo. Chatu yule, waliyemwita Somo, alilelewa na marehemu mama yao tangu akiwa mwembamba kama kamba ya mbuzi. Miaka yote hiyo panya wa Handeni walikula mahindi ya majirani, ghala la kina Hamisa wakalipita mbali. Mwaka huu Somo alitaga, akajiviringa juu ya mayai yake, asile, asitoke. Ndipo akida alipopita akikamata wanaume wa kumbebea Mdachi mizigo mpaka stesheni ya Korogwe. Mdachi mwenyewe alikuwa akikusanya wanyama hai wa kupeleka Ulaya. Mwinjuma alipoona wenzake wanafungwa kamba shingoni, akasema kwao kuna chatu, wamchukue huyo, wamwache yeye.

Hamisa aliporudi kutoka shamba alikuta Somo amekwisha kutiwa guniani na kuchukuliwa, Chausiku analia na mayai yanapoa.

"Mama yetu ndiye aliyekwenda ndani ya gunia lile," alimwambia Mwinjuma. Baada ya hapo hakumwambia neno.

Hasira zikamfanyisha kazi. Alitia pumba zenye unyevu kidogo kwenye chungu kipana, akayapanga mayai humo, akakiweka nyuma ya mafiga ambako joto halichomi. Kwanza aliyapima kama mama yake alivyomfundisha. Yai zima lilikuwa jeupe, ngozi kavu, limejaa. Machache yalikuwa ya manjano, yana utelezi na yamebonyea, akayatupa jalalani. Yaliyobaki aliyainua mbele ya tundu la ukuta lililoingiza jua, akaona ndani yake mishipa myekundu, myembamba kama nyuzi. Alicheka peke yake, cheko la ukali. Mdachi amechukua mama, watoto hawapati.

Kila yai alilitia alama ya mkaa juu, kisha akakusanya watu wa nyumbani akawaonya wasiyageuze. Alimwonya Chausiku. Aliwaonya watoto, mpaka yule mdogo asiyejua bado kufunga shuka. Hata jirani aliyekuja kuomba moto alionywa. Mwinjuma alikuwa uani anachonga mpini, na Hamisa alishusha sauti makusudi. Aliyemuuza mama ana habari gani na watoto?

Siku zikaenda. Hamisa alitoka alfajiri kwenda shamba, akarudi jua likizama, na kila akifunua chungu alikuta alama zote zimetazama juu. Aliridhika. Moyoni alikwisha kumwona Somo mdogo akipanda nguzo ya ghala, na Mwinjuma akimtazama kwa aibu.

Kisha siku moja ambayo hakwenda shamba, akafunua mchana, harufu ikampiga puani. Aliinua yai moja mbele ya tundu. Hapakuwa na uzi hata mmoja, ila weusi tu. La pili hivyo hivyo. Alipasua la tatu kwa ukucha, akakuta kitoto kimejikunja, kina mpaka madoa ya mama yake, kimekufa.

"Nani kayagusa haya?"

Chausiku alimtazama mumewe. Mwinjuma akaweka chini shoka.

"Mimi, dada. Asubuhi ukienda shamba na Chausiku akienda kuteka maji nayageuza, jioni nayarudisha. Kuku huyageuza mayai yake mwenyewe kwa mdomo. Haya mama yao nimemtoa mimi, nikasema basi niyageuze mimi. Alama nikadhani umeweka ili mgeuzaji ajue upande."

"Ni ya kukataza yasigeuzwe!" Hamisa alifoka. "Yai la nyoka likigeuzwa, kitoto kinakufa humo humo. Mkeo anajua. Wanao wanajua. Hata mbuzi wa nyumba hii wanajua."

"Uliwaambia," alisema Mwinjuma. "Mimi hukuniambia."

Matusi yalikuwa tayari kinywani mwa Hamisa, ya kutosha ukoo mzima. Alimtazama Mwinjuma, na mikono yake iliyokuwa na vumbi la pumba kwenye kucha, akakosa wa kumtupia. Hasira haikupoa. Ilimgeukia yeye mwenyewe.

"Chukua jembe," alisema mwishowe.

"Nichimbe wapi, dada?"

"Chini ya ghala. Chimba shimo pana."

Mwinjuma akachimba. Hamisa alisimama amekumbatia chungu, na juu yao, mchana kweupe, panya walikuwa wanatafuna mahindi.