Barua Iliyosema Rudini

Mwaka ule wa hamsini na tano nilikuwa na kitendawili kimoja nilichopenda kuwategea wenzangu mtoni. Nina mjumbe anayesema maneno ya watu wawili: mmoja ananipenda, mwingine ameshika bunduki. Wanawake walikuwa wanajibu kabla sijamaliza. Barua. Kila mmoja wetu alikuwa na mume ama ndugu kule Manyani, kambi ya kizuizini, na barua zao zilitufikia zikiwa zimeshasomwa na askari.

Githinji wangu aliniandikia mara moja kwamba wanakula nyama mpaka wanaisaza, na kwamba nimsalimie ng'ombe wetu mwekundu. Sisi hatukuwa na ng'ombe. Hatujawahi kuwa naye, mwekundu wala mweusi. Niliizungusha hiyo karatasi siku mbili, halafu nikaelewa: ikiwa ng'ombe hayupo, na nyama pia haipo. Tangu hapo tukajua kusoma. Barua ikija, kwanza unamtafuta ng'ombe.

Wakati huo nilikuwa napika kwa Safta, kwenye shamba la kahawa upande wa Gitothua, pale Ruiru. Mume wake, Gregori, alikuwa fundi wa mashini ya kumenya kahawa. Walikuwa Wazungu, lakini nyumba yao ilikuwa ya bati, karibu na fakitori, na Wazungu wengine hawakuwa wanawaalika popote. Walitoka nchi inaitwa Romania. Safta alinieleza kwa Kiswahili chake cha kuokotaokota kwamba mfalme wao aliondolewa, chama cha wakulima alichokuwamo Gregori kikapigwa marufuku, viongozi wakafungwa, na wenye mashamba wakaanza kunyang'anywa. Wao wawili walivuka mto mkubwa usiku mmoja, wakakaa kambi za wakimbizi miaka miwili, ndiyo wakaletwa huku. Aliponiambia habari ya kambi nikamwambia, ĩĩ, hiyo naijua, maana nami nilikuwa nalala kambini tangu serikali ituchomee nyumba, na tukacheka, ingawa haikuwa ya kuchekesha.

Kitu kilichofanya wachekwe zaidi ni chakula. Safta alikuwa anakula ugali. Si kwa kukosa mkate, alikuwa anautaka. Alisema huo ndio chakula cha kwao, hata una jina lake, na wimbo, na kwamba wakubwa wa nchi za jirani waliowatawala zamani walikuwa wanawadharau kwa sababu yake. Meneja wa shamba alimwambia Gregori mbele yetu kwamba Mzungu anayekula posho ya vibarua anawaharibia wenzake jina. Jumapili iliyofuata Safta akaweka meza nje, barabarani kabisa pale meneja anapopita akienda kanisani, akamwaga ugali kwenye ubao, akavaa blauzi yake ya kushonwa maua mekundu na meusi mabegani, na wakala. Meneja alipopita Safta akamkaribisha.

Basi mwezi wa nane ikaja barua kutoka kwa mama yake Gregori. Ilipitia London, na ndani yake kulikuwa na fomu. Serikali ya huko ilikuwa inawaita watoto wake waliopotea: rudini, mmesamehewa, kuna kazi na nyumba. Ukijaza fomu, nauli ya meli inalipwa. Gregori alikuwa hajaona mwandiko wa mama yake miaka saba. Aliisoma amesimama, akaisoma tena ameketi, halafu akashusha sanduku kutoka juu ya kabati. Alisema Ijumaa wataenda Thika, kwa ofisa anayesimamia wageni, kuweka sahihi. Meneja alifurahi kuliko wote. Alishaahidi ile nyumba kwa fundi mwingine, na akasema hata Gregori asipoondoka, kazi yake imekwisha vilevile mwisho wa mwezi.

Safta nilimwona siku mbili nzima anafua nguo zilizo safi. Siku ya tatu, ilikuwa Alhamisi mchana, nikamuuliza kama ameiamini hiyo barua.

Akasema hajui. Akikataa, atakuwa mke aliyemzuia mtoto kumwona mama yake. Akikubali, anaogopa. Rafiki zao wawili walikwisha kurudi mwaka huo, na tangu wateremke kwenye treni hakuna aliyesikia neno lao.

Nikamwambia anisomee. Akashangaa. Nikamwambia, "Mimi nimesomea barua za namna hii, memsaab. Wewe nisomee polepole, tumtafute ng'ombe."

Akaketi kwenye kinu changu, akasoma mstari mmoja kwa lugha yao, kisha akanigeuzia. Mama ni mzima. Paa limetengenezwa. Jirani wamepata trakta. Kila mtu ana furaha. Mimi nikawa nasonga ugali, nasikiliza. Mwandiko ni wake? Ni wake kabisa. Majina ya watu ni sawa? Sawa. Nikaanza kufikiri labda ng'ombe hayupo, labda ni barua tu.

Halafu akasoma kwamba siku watakayofika, mama atawapikia ule ugali wao, na ataukata kwa kisu cha marehemu baba, kipande cha kwanza kiwe cha Gregori.

Nikaacha mwiko kwenye sufuria. Mwaka mzima nimekuwa nikimwona Safta akikata ugali kwa uzi. Anaupitisha chini, anauvuta juu, kipande kinatoka laini. Siku yangu ya kwanza nilileta kisu, akaninyang'anya kama mtu aliyeona nyoka. Kwao kisu hakigusi ugali.

"Mama mkwe wako," nikamuuliza, "yeye ni mtu wa kisu?"

Safta alitazama ile karatasi. Akasema kwamba huyo mama alimchapa Gregori na mwiko akiwa na miaka sita, kwa kosa hilohilo, mbele ya padri. Akasema jambo lingine kwa lugha yao, akainuka, akatoka mbio kwenda fakitori na aproni yake.

Gregori alikuja na mikono ya girisi. Hakufurahi hata kidogo. Aliniuliza tangu lini jiko limfundishe yeye mama yake anasema nini.

"Sikufundishi, bwana. Nakuuliza. Mama yako anaweza kusahau uzi?"

Akasema mama ni mzee, mzee husahau. Akasema labda siku hizi huko wote wanatumia kisu, mambo yamebadilika. Safta akamwambia jambo moja tu, na baadaye alinigeuzia: "Kama hata hilo limebadilika, unarudi wapi?"

Gregori alichukua barua kwa ncha za vidole asiichafue, akaenda nayo mlangoni penye mwanga. Alikaa huko muda mrefu. Ugali ukapoa, ukashika sufuria. Aliporudi alikuwa analia, lakini uso ulikuwa wa mtu aliyesalimiwa. Akasema, "Mwanamke mwerevu. Wamesimama mgongoni kwake, na bado amepitisha neno lake."

Jioni hiyohiyo walimjibu. Gregori alitaka kuandika matusi kwa wakubwa wote wa huko, Safta akamwambia atakayelipia matusi ni mama. Kwa hiyo wakaandika kwamba wana kazi nyingi, kwamba wanamwombea, na kwamba wamemsoma vizuri. Basi. Matusi tukayaweka kwa ajili ya Thika.

Ijumaa niliomba pasi ya kutoka kambini nikaenda nao, maana nilikuwa na barua yangu ya kupeleka posta, na pia, nisidanganye, nilitaka kuona. Safta alivaa ile blauzi ya maua. Ofisini kulikuwa na ofisa kijana wa Kiingereza na karani Mkamba, Muthoka, aliyeandika kila kitu. Gregori akaweka fomu ya kurudi mezani bila sahihi, akasema hawaendi. Anataka kitabu chao cha wageni kiongezwe muda.

Ofisa akasema sawa, akavuta kitabu, akafika mahali pa nchi. Akasema serikali ya Romania haiwatambui tena watu waliokataa kurudi, kwa hiyo ataandika hawana nchi.

Gregori akaweka kiganja juu ya ukurasa. Alisema kwa Kiswahili, nafikiri ili sote tuliokuwa kwenye foleni tusikie:

"Nchi ninayo. Serikali ndiyo sina."

Ofisa akamwambia atoe mkono. Hakutoa. Akatishiwa kuitiwa polisi. Safta akavuta benchi, akaketi, akatoa sindano na kitambaa akaanza kushona, kama mtu aliyekuja kushinda. Foleni ikasimama. Wahindi wa maduka wakanung'unika nyuma, mmoja akasema mwandikieni mzee anachotaka, jua kali. Saa sita ikapita. Saa nane ikapita. Ofisa alienda kula akarudi, akakuta kiganja kiko palepale.

Mwishowe alitupa kalamu mbele ya Muthoka, akasema andika chochote. Muthoka aliuliza Romania inavyoandikwa. Gregori akamtajia herufi moja moja, kwa sauti, hakuacha hata moja, na Safta akasimama mpaka ya mwisho.

Kazi ilikwisha mwisho wa mwezi, kama meneja alivyosema. Ijumaa ile walikuwa hawajajua watalala wapi mwezi wa tisa. Lakini walitoka pale mlangoni wameshikana mikono, na Gregori akapiga mluzi barabarani.

Ikawa zamu yangu ya kugongewa pasi muhuri. Muthoka akachukua pasi yangu, akauliza ninakotoka. Kwenye karatasi ilikuwa imeandikwa namba ya kambi na jina la shamba. Nyumba yetu sisi, ile iliyochomwa mwaka uliopita, ilikuwa ng'ambo ya mto Theta.

"Andika Theta," nikamwambia. "Kwa Githinji."

Muthoka alimtazama ofisa, ambaye alikuwa amefunika macho kwa mkono. Akanitazama mimi. "Mama, hapa pameandikwa kambi."

Nikamuuliza kama kuna benchi lingine.