Rejeta Baridi ya Wilf

Nyumbani kwa Wilf Ackroyd, mjini Halifax, boila ya kupashia nyumba joto haiwashwi mpaka siku ile mwishoni mwa Oktoba nchi nzima inaporudisha saa nyuma kwa saa moja, msimu wa baridi ukikaribia. Mkewe, Doreen, atetemeke hadi meno yagongane, jibu la Wilf ni lile lile: "Vaa sweta, mpenzi."

Mwaka huu saa zilirudishwa, boila ikawashwa, lakini rejeta ya ukutani pale sebuleni, lile bamba la chuma linalopitisha maji ya moto ya boila, ilipata moto juu tu. Chini ilikuwa baridi kama samaki wa kwenye barafu.

"Imejaa tope la kutu, Wilf. Mwite fundi."

"Fundi wa nini? Nusu inatosha. Vaa sweta, mpenzi."

Doreen alikuwa amevaa tatu.

Jumamosi, Wilf alipokwenda kwenye mpira, Doreen alifunga valvu, akaing'oa rejeta, akaiburuta hadi bustanini huku akimtaja mumewe kwa majina yasiyosemwa kanisani. Akaichomekea mpira wa maji. Rejeta ikatapika uji mweusi tii, ukatiririka moja kwa moja kwenye liki, zile mboga za jamii ya vitunguu ambazo Wilf alikuwa akizibembeleza kwa ajili ya mashindano ya wakulima wa bustani. Doreen aliziangalia, akafungulia maji zaidi. Rejeta ilipotakata, akairudisha ukutani na kupandisha joto hadi mwisho.

Wilf aliporudi, nyumba ilikuwa tanuri. Jasho lilimtoka kabla hajavua kofia. Akakimbilia swichi ya joto ukutani.

"Ole wako uiguse," alisema Doreen, kajikalia na chai yake, ndani ya gauni la kiangazi.

"Doreen, naungua humu!"

"Vua sweta, mpenzi."