Kuanzia Lini Hadi Lini

Ndege ndogo ya abiria ina viti viwili vya mbele, na ugomvi wote wa kampuni ile ulikuwa juu ya kimoja tu. Cha kulia hukaa rubani msaidizi, anayefanya kazi. Cha kushoto hukaa nahodha, anayepigiwa saluti. Nahodha mmoja alikuwa anastaafu, kiti cha kushoto kinabaki wazi, na Bi Kompyuta alikuwa akikiota hata akiwa macho.

Jina la Bi Kompyuta hakuzaliwa nalo. Alikuwa rubani msaidizi, tena wa kutegemewa, mpaka siku Rubani Mkuu alipoamua kwamba kumbukumbu za safari za marubani wote, zilizokuwa kwenye madaftari yenye madoa ya chai, ziingizwe kwenye kompyuta. Akazungusha macho chumbani, yakatua kwake.

"Mdogo wangu, wewe vidole vyepesi. Kaa chini wiki mbili tatu utusaidie, halafu unarudi zako angani."

Nani anamkatalia Mkuu? Akakaa. Wiki zikazaa miezi, miezi ikapitiliza mwaka. Kila rubani akishuka alikuja kumwagia safari zake mezani: tumeondoka saa ngapi, tumetua saa ngapi, andika dada. Wenzake wakiruka, yeye akiandika kwamba wameruka. Mama yake naye, kila ndege ikipita juu ya paa, alitoka nje kumpungia mkono binti yake. Bi Kompyuta hakupata moyo wa kumwambia kwamba anampungia Mpwa.

Mpwa alikuwa rubani msaidizi mwenzake. Wote walimwita hivyo kwa sababu mjomba wake ni Mkuu, na jina hilo likitajwa, kila mtu anakumbuka adabu.

Asubuhi ya uamuzi, Mkuu aliingia na kikombe chake, akavuta kiti. Nahodha mpya angekuwa msaidizi mwenye saa nyingi zaidi za kuruka katika mwaka mmoja uliopita.

"Chuja," akasema. "Mashine haina mjomba wala shangazi."

Kwenye skrini kulikuwa na visanduku viwili vya tarehe: kuanzia, na hadi. Bi Kompyuta akavijaza, akabonyeza. Majina yakajipanga. Juu kabisa alikuwa Mrefu, yule msaidizi anayeinama hata kwenye milango isiyomgusa. Mpwa alikuwa wa nne. Bi Kompyuta alikuwa chini kabisa, na sifuri yake imetoa macho.

"Wa nne?" Mkuu akaweka kikombe chini. "Kwa nini?"

"Alivunjika mguu kwenye mpira, Mkuu. Alikaa nyumbani muda mrefu."

"Sasa mtu aadhibiwe kwa kuumwa? Si haki hiyo. Rudisha nyuma. Tuanze mwaka juzi."

Moyo wa Bi Kompyuta ukaruka sarakasi. Mwaka juzi hakuna aliyeruka kama yeye. Akaandika haraka, kabla mtu hajabadili mawazo, na jina lake likapanda mpaka juu, likakaa pale kama mgeni rasmi.

Mkuu akalitazama. Akakohoa.

"Hapo tumekwenda mbali mno. Mambo ya zamani hayo."

"Lakini Mkuu, kama Mpwa anahesabiwa kabla ya mguu, mimi si nihesabiwe kabla ya meza?"

"Yeye aliumwa. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kiyoyozi."

"Nilikaa kwa sababu ulinituma."

"Na ninakushukuru sana, mdogo wangu. Haya, anza mwezi wa tano. Hapana, ngoja, wa saba. Malizia... punguza kidogo. Ongeza hapo."

Alikata na kushona kama fundi mwenye mteja mnene na kitambaa kifupi. Mwishowe tarehe zikakaa vizuri. Zilianza Jumatatu ile Bi Kompyuta alipokalishwa mezani, zikaisha Jumamosi ile Mpwa alipotolewa uwanjani kwa machela. Na Mpwa akawa wa kwanza.

"Umeona?" Mkuu akasimama amefurahi kikweli. "Takwimu hazidanganyi. Chapa tangazo, na tarehe uziweke, watu waone hatuna upendeleo."

"Na mimi?"

"Wewe nikikupandisha, hii mashine ataiendesha nani?"

Bi Kompyuta akachapa. Tarehe alizikoleza wino, akisema moyoni kwamba mwenye macho ataona. Akalibandika tangazo ukutani, juu ya birika la chai, akarudi mezani na kuacha mlango wazi ili asikie.

Mpwa alitangulia kuja, akichechemea. "Dada, asante. Wallahi sikutegemea."

"Mimi nilitegemea," akamjibu.

Kisha wakaja wengine. Akasikia mtu akizisoma tarehe kwa sauti, polepole.

"We! Hii si ndiyo Jumamosi ya ile mechi?"

"Na hii si ndiyo Jumatatu Bi Kompyuta alipopewa kiti cha kuzunguka?"

Kicheko kikalipuka, kirefu, cha kushikana mabega. Wameelewa wote! Bi Kompyuta akasimama. Sasa kuna atakayeugonga mlango wa Mkuu, aliwaza. Akasikiliza. Alichosikia ni vijiko vikikoroga sukari.

Mrefu akainama mlangoni, anajifuta machozi ya kicheko. "Dada, na mimi siku moja unitafutie tarehe zinazonipendeza."

"Asubuhi ulikuwa wa kwanza wewe."

Kicheko kikamfia mdomoni. "Mimi?"

"Kabla hajaanza kuzikata. Mlango wake ule pale. Twende wote, nitamwonyesha mbele yako."

Mrefu akautazama mlango wa Mkuu. Akaitazama saa yake ya mkononi, akaitazama tena kana kwamba mara ya kwanza haikumjibu.

"Dada, unajua mimi nina watoto," akasema kwa sauti ya chini. Kisha akaweka kikaratasi mezani. "Niandikie hizi za leo. Tumetua saa nne na robo."

Bi Kompyuta akakaa, akavuta kibodi.

"Mliondoka saa ngapi?"

"Saa tatu kasoro robo," akasema Mrefu, akishusha pumzi kama mtu aliyesamehewa.

Akaandika.