Maoni ya Mzee Shem Kuhusu Katuni

Mzee Shem hakuwa hata amekaa vizuri kwenye kiti cha sinema pale mjini alipoanza kutoa kasoro.

"Sasa hiyo mbuzi ni ya rangi gani?" alimuuliza mkewe, Peres, kwa ile sauti ambayo yeye mwenyewe huiita ya chini. "Umewahi kuona mbuzi ya zambarau?"

Binti yao, Namalwa, alikuwa amekaa katikati yao. Katuni ile ya familia aliichora yeye na wenzake katika ofisi ndogo kule Ngong Road, na leo ndiyo mara ya kwanza wazazi wake wanaiona. Alitaka jambo moja tu kutoka kwa babake: akubali kwamba hii ni kazi. Maana kanisani kwao, mtaani Mountain View, mtu akimuuliza Shem habari za binti yake, yeye hujibu bila haya, "Huyo bado anatafuta kazi."

Filamu iliendelea, na Shem naye akaendelea. Moshi wa jikoni ulikuwa mweupe mno. Jogoo aliwika jua likiwa limeshapanda. Nyanya wa kwenye katuni alikuwa anasonga ugali kwa mkono mmoja, "kama mtu anakoroga chai." Watoto wa safu ya mbele waliacha picha wakamgeukia yeye, na mama yao hakuwakanya, kwa sababu hata yeye alikuwa anacheka.

"Baba, ni katuni tu," Namalwa alinong'ona.

"Hata kama. Ugali ni ugali."

Ndipo ikaja ile sehemu ya familia mezani. Mama wa kwenye katuni alimwekea mumewe firigisi ya kuku kwa heshima zote, kama inavyofanywa katika nyumba yoyote ya Kiluhya inayojiheshimu: hiyo ni ya mwenye boma, mtoto haigusi. Mama alipogeuka kuchukua maji, yule baba akaiuma nusu, kisha haraka haraka akaisukumia iliyobaki kwenye sahani ya binti yake. Ukumbi mzima uliangua kicheko.

Shem alijivutia kofia hadi machoni. Sasa Peres ndiye aliyepata sauti.

"Baba Namalwa! Kumbe! Miaka yote nakuwekea hiyo kitu, nakuheshimu, kumbe inaenda kwa huyu?"

"Tazama sinema, mama."

Mpaka taa zikawaka hakutoa kasoro nyingine hata moja, na ukimya huo ulimtia Namalwa hofu kuliko yote aliyoyasema. Walipofika nje, uvumilivu ukamwishia.

"Baba, si useme basi. Umeionaje?"

Shem alivua kofia, akaitazama, akaivaa tena.

"Kazi yako ni nzuri," alisema. "Lakini kuna mahali umenionea."

Namalwa alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. "Ni mbuzi?"

"Wachana na mbuzi. Huyo mzee ameuma firigisi. Kwa nini ameuma?"

"Mkubwa wangu ofisini alisema hapo ndipo watu watacheka."

"Basi mwambie mkubwa wako arekebishe." Alimtazama binti yake usoni. "Mimi sikuwahi kuiuma, Namalwa. Nilikuwa nakupa yote."